Uzi wa Buluu

Hospitalini walimwita Mama Sabuni, na kwa miaka kumi na tisa ya kufua mashuka na magauni ya upasuaji, aliyemdanganya akafanikiwa hakuwapo. Wageni kutoka ng'ambo walipoteremka na masanduku yao, wamejitolea kupasua watu bure kwa wiki mbili, wenzake walishangilia. Yeye alitazama makoti. Moja lilikuwa limechakaa viwikoni. Mengine sita yalikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Haya hayajaonja maji," alinong'ona. "Wanafunzi hawa."

Na mumewe, fundi viatu aliyeteswa na ngiri mwaka mzima, alikuwa wa tatu kwenye orodha. Roho haikumtulia. Alimfuata sista, shoga yake wa siku nyingi, aliyekuwa akiwatafsiria wageni.

"Sista, nani atakayeshika kisu?"

"Daktari, Mama Sabuni. Acha wasiwasi."

Daktari! Pale kila mwenye koti jeupe aliitwa daktari, hata mpima mkojo. Lakini mumewe alishavua shati, anatania kwamba akipona atarudi uwanjani kucheza mpira. Basi akapeleka magauni mwenyewe hadi chumba cha upasuaji: kubwa lenye uzi mwekundu shingoni, dogo lenye uzi wa buluu. Nyuzi alizishona yeye, asihangaike kupanga saizi. Mzee wa koti lililochakaa alikuwa pandikizi la mtu. Binti aliyeingia naye alikuwa mwembamba kama ufito.

Mumewe alitoka salama. Mchana furushi la nguo za upasuaji ule likaja kufuliwa. Gauni la uzi mwekundu lilikuwa safi, ungeweza kulivaa arusini. La uzi wa buluu lilikuwa na damu mpaka viwikoni.

Hakulifua. Alilitia kwenye mfuko wa nailoni akaenda nalo wodini, ambako mumewe alikuwa akimshukuru yule mzee kwa mikono miwili. Binti alisimama nyuma, macho chini.

"Sista, waulize, hili lilivaliwa na nani?"

Sista hakutafsiri. Binti aliutazama mfuko, akajigusa kifuani, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Mimi, mama. Pole."

Mumewe aliachia mkono wa mzee.

"Sista, nilikuuliza nani atashika kisu."

"Nami nikakujibu, daktari. Na mumeo si mzima?"

"Mzima," alisema Mama Sabuni. "Ila wewe ulijua nauliza nini."