Jibu Lililokwama Ulimini

Mvua za vuli zilipoanza, darasa letu lilinuka chokaa mbichi. Kuta za mawe zilinyonya maji usiku kucha, asubuhi zikatoka jasho, na chaki ya mwalimu ikalowa hata ikawa inapita ubaoni bila kuacha alama. Punda waliobeba mawe ya ujenzi walijikinga chini ya dirisha letu, na harufu ya manyoya yao yaliyolowa ikapanda ikachanganyika na ile ya chokaa. Mpaka leo, nikipita mahali panapopakwa chokaa, moyo hunidunda kama mtu aliyeitwa kusimama mbele ya wenzake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la mwisho la shule ya kati, hapa Amu, mji ambao wageni huuita Lamu. Aliyetufundisha hesabu aliitwa Mwalimu Twaha, mtu mrefu wa sauti ya chini, na alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea yeyote: jibu lisiloelezwa kwa mdomo alilipatia sifuri. “Jibu unaweza kuliiba kwa jirani,” alikuwa akisema. “Sababu yake huwezi.” Wenzangu waliliona sharti hilo kuwa usumbufu tu. Kwangu lilikuwa balaa. Hesabu nilizipenda, lakini nilikuwa na kigugumizi, na hakuna herufi zilizonikaba kama p na k. Pembe, pembetatu, kipenyo, kitovu: sijui aliyeyachagua maneno ya jometri alikuwa na ugomvi gani nami.

Msimu huo tukaambiwa kwamba mkaguzi wa shule atakuja kuchagua wanafunzi wawili wa kwenda shule ya sekondari ya bweni Mombasa. Kila mmoja angefanya hesabu ubaoni na kuzieleza mbele yake. Rafiki yangu Shee, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mnadi, alinionea huruma. “Wewe chora na uandike,” akaniambia, “mimi nitasema kwa niaba yako.” Mwalimu Twaha alipolisikia hilo hakulikataa. Alisema angemwomba mkaguzi ruhusa, mradi mimi mwenyewe niwe radhi. Nilitembea mpaka kwetu Wiyoni nikiliwaza jambo hilo, mvua ikininyeshea nisiijali. Shee alitaka kunisaidia kwa moyo safi. Lakini nilijiona nimekaa Mombasa, darasa baada ya darasa, nikimtafuta mtu wa kunisemea, na nikaona uchungu.

Nyumbani nilimweleza dada yangu Mwanaate. Yeye hakuwahi kwenda shule ya serikali. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, kisha akabaki na mama kushona na kusuka mikeka. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikisuka ukili, kisha akasema, “Basi nieleze mimi. Kama nitaelewa mimi, ataelewa na huyo mkaguzi.”

Tukaanza na vifungo vya nguo. Nilitia mfukoni vyeupe vitatu na vyeusi viwili, nikamuuliza: ukitoa viwili bila kutazama, uwezekano wa kupata vyeupe vitupu ni upi?

“Nusu,” akajibu. “Ama vitatoka, ama havitatoka.”

Nilitaka kumwambia amekosea, lakini neno “kwa sababu” lilinikwama pale pale mwanzoni, nikapiga mguu chini kwa hasira. Mwanaate hakulimalizia neno langu wala hakutazama kando. Aliendelea kusuka. “Mimi sina haraka,” akasema. “Mkeka huu hauishi leo.”

Nikavipanga vifungo mkekani, jozi moja baada ya nyingine, kila kifungo na kila mwenzake. Jozi zote zilikuwa kumi, na zenye vyeupe vitupu zilikuwa tatu. Tatu katika kumi. Alizirudia mwenyewe kwa kidole, kisha akacheka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango. Ilinichukua muda mrefu, lakini alielewa, na aliyemwelewesha alikuwa mimi.

Yeye ndiye aliyegundua kuwa nisomapo Kurani sikwami. Akanishauri nizisome hesabu kwa mahadhi. Nilijaribu darasani, wenzangu wakacheka mpaka Mwalimu Twaha akapiga meza kuwanyamazisha. Siku hiyo nikaacha kutafuta hila. Nikaazimia kwamba nitakwama mbele ya mkaguzi, nitakwamuka, na nitaendelea, hata ikiwa mvua zitakwisha nikiwa bado ubaoni. Nikamwambia Shee ahsante, nitasema mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa Mzungu aliyekisema Kiswahili vizuri. Aliniagiza nichore pembetatu ndani ya nusu duara, nieleze kwa nini pembe iliyo juu ya duara ni pembe mraba popote utakapoiweka. Nilichora. Kutoka katikati ya kipenyo nikavuta mstari mpaka kwenye pembe ile, nikageuka niseme kwamba mistari yote itokayo kwenye kitovu ni sawa. K ikanikaba.

“Kitovu,” akasema mkaguzi kwa upole. “Kwa hiyo mistari ni sawa, na pembetatu hizi mbili—”

Nilihisi maelezo yangu yakiondoka mikononi mwangu. “Naomba unisubiri, Bwana,” nikasema. “Ni-nitafika.”

Mwalimu Twaha aliinamisha kichwa. Mkaguzi akanitazama, akaiweka kalamu yake mezani, akaegemea kiti. Nami nikaeleza: pembetatu mbili, kila moja ina pande mbili sawa, kwa hiyo ina pembe mbili sawa, pembe ya juu imefanywa na pembe moja ya huku na moja ya kule, zote nne pamoja ni nyuzi mia na themanini, basi ya juu ni nusu yake, tisini. Shati lilinilowa mgongoni. Nilipomaliza, mkaguzi aliuliza, “Na ukiisogeza pembe upande huu?” Nikamjibu hilo pia, polepole.

Sikuchaguliwa. Walichaguliwa Shee na mvulana mmoja wa Pate, jina langu likawekwa la akiba. Nililia jikoni kwa Mwanaate, nisione haya. Lakini baba yake yule wa Pate hakukubali mwanawe aende mbali, na kabla ya shule kufunguliwa nikaitwa mimi.

Nilifundisha hesabu mpaka nilipostaafu, na kigugumizi hakijaniacha. Siku hizi Amu ina shule za sekondari, na wajukuu wangu huniambia kuna wataalamu hospitalini wanaowafunza watoto kusema. Nafurahi. Zamani hatukuwa na hayo. Tulikuwa na dada mwenye mkeka usioisha. Hata hivyo watu wa leo ni wepesi kunimalizia maneno, sokoni, benki, hata nyumbani, na najua wanafanya hivyo kwa wema. Huwaacha wamalize. Kisha nalisema neno langu mwenyewe.