Lala, Mimi Nitasikia

Saa moja asubuhi, Crescencia Amaro anafunua sufuria na mvuke wa chai unawafikia watu waliojinyoosha juu ya maboksi, nje ya mlango wa dharura wa hospitali moja mjini Cuautla. Wengine wamekesha siku ya tatu sasa. Wagonjwa wao wako ndani, nao hawana la kufanya ila kungoja.

Hapa wote humwita Mama Chencha. Ana miaka sitini na tatu, magoti mabovu, na uso wa mtu anayedaiwa usingizi tangu ujana wake. Chai yake ni ya toronjili, majani ya milimani anayoyafunga kama alivyofundishwa na marehemu mama yake: la zambarau, jeupe na la kijani katika fungu moja. Huongeza maua ya mchungwa na kipande cha sukari guru. Kwao Ozumba huinywa aliyefiwa, aliyeshtuka, hata bibi harusi anayegaragara kitandani usiku wa kuamkia harusi.

"Hailevyi," anasema. "Inalegeza mabega tu. Usingizi ni wako mwenyewe, ulikuwa umeukalia."

Kikombe ni peso kumi na tano. Siku ikiwa njema anaondoka na mia tatu, na nauli imo humo humo.

Shida ni kwamba wanaongoja huogopa kulala. Mlinzi hutokea mlangoni akaita jina la mgonjwa, na jamaa asiposikia, limempita. Miaka tisa iliyopita mama mmoja alikunywa chai hii akalala fofofo. Aliitwa aagane na mumewe kabla ya upasuaji, hakusikia, na mume hakutoka tena akiwa hai. Yule mama hakumlaumu Chencha. Alimshukuru kwa usingizi. Shukrani nayo inachoma, nyie.

Tangu hapo kila anayenunua chai humtajia jina la mgonjwa wake. "Lala," Chencha humwambia. "Mimi nitasikia."

Na sikio lake la kulia limekufa tangu mvua za mwaka jana. Hakumwambia mtu.

Wiki iliyopita alimlaza Baldomero, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mkewe alikuwa akipasuliwa kwa uzazi. Mlinzi akaita, "Jamaa wa Ofelia Rendón!" Chencha alikuwa ameinamia jiko, sikio bovu likielekea mlangoni. Aliyesikia ni Obdulia, jirani anayeuza tamale za unga wa mahindi, ambaye alimfinya Chencha mkono, naye akamwamsha Baldomero. Baldomero alikimbilia ndani na kiatu kimoja. Akarudi analia na kucheka: mtoto wa kike, mama mzima. Akataka kumbusu Chencha mikono.

Chencha aliirudisha nyuma. "Niliona aibu," anasema. "Ananishukuru mimi, wakati mimi sikusikia kitu. Nilimwona yule mama wa zamani amesimama mbele yangu."

Obdulia alimsihi anyamaze. "Shoga yangu, ukiwaambia hutauza hata kikombe. Nani atamwachia kiziwi jina la mtu wake?"

"Basi nisiuze. Nimechoka, Obdulia, lakini sijafika pa kuwadanganya watu waliolala."

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuwaambia wateja ukweli. Anachotamani ni kuvuta mpaka Desemba, arudi Ozumba apande toronjili zake mwenyewe, na kulala mchana kutwa bila jina la mtu kichwani. Lakini Desemba iko mbali na sufuria imejaa.

Wateja wawili wamemsikiliza, wakarudisha pesa mfukoni, wakaenda zao. Wa tatu ni Teófila, bibi aliyemzidi umri, mjukuu wake yuko ndani. Kikombe kimeshafika mkononi mwake. Chencha anamweleza polepole: sikio la kulia halisikii kabisa, la kushoto linajitahidi, na chai hii inalaza.

Teófila anamrudishia kikombe. Chencha anakipokea. Anakaa nacho hivyo hivyo, macho chini.

"Sasa mbona umekaa?" bibi anauliza. "Geuza jiko, mdogo wangu, sikio lako zima lielekee mlango. Halafu nipe chai yangu. Mjukuu wangu anaitwa Isidro."