Mama Mkwe na Koti Lisilo na Mtu

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo pale sakafuni ningeingia nikajifunika. Mama mkwe alikuwa ametutembelea Birmingham, wiki ya tatu hiyo, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba mwanawe yuko kazini Scotland (uongo mtupu, alishatuhama kitambo), na kila jioni namfunikia sahani yake, eti huenda akatokea ghafla. Jumamosi mvua ikakataa kukatika, nikamwona mama anazungukazunguka karibu na kabati la nguo, nikasema hapana, twendeni makumbusho, nikamshika Imani wangu wa miaka minane mkono, tukapanda treni hapo Stechford.

Kosa langu lilikuwa moja tu. Mama alisimama mbele ya picha ya samaki aliyevaa kofia, akauliza hiki ni nini, nami nikajifanya msomi nikamwambia hawa wachoraji walichora ndoto zao. Ndoto! Huyu mama, huko kanisani kwao, watu humpangia foleni awafasirie ndoto. "Ahaa," akasema, akikaza kitambaa kichwani, "huyu ana safari." Bibi mmoja mzungu akataka kujua anasema nini, nikatafsiri, akafurahi, akamwita mumewe, mara tuna watu kama kumi wanatufuata picha kwa picha, na mimi (kichwa kimevimba kweli) natafsiri kwa madaha.

Tukafika kwenye picha ya meza, koti limekaa kitini, ndani hamna mtu, mbele yake sahani imefunikwa. Mama akaisogelea.

"Aliyeota hii ameachwa na mume, na bado anampakulia."

Nikawaambia wale watu kwamba mama amependa rangi.

"Sivyo, Mum," Imani akadakia kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, "shosho amesema mume amemwacha, kama Dad alivyotuacha."

Yule bibi akanipa tishu.

"Mtoto amesema nini?" mama akauliza.

"Anasikia njaa, Mama."

Akaniangalia. "Mama Imani, njaa ya mtoto ndiyo unapewa tishu wewe? Lile kabati nililifungua siku ya pili, halina hata soksi ya kijana wangu. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nililia palepale, mbele ya watu na koti lao. Jioni mama akairudisha ile sahani ya nne kwenye kabati la vyombo, akanipakulia mimi lile paja la kuku nililokuwa nikimfunikia mwanawe. Sijamdanganya tena, wallahi, na makumbusho nikienda siku hizi, Imani namwacha kwa jirani.