Matundu ya Wavu wa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyomkuta mama nyuma ya nyumba yetu kule Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, akiukata wavu mzima kwa kisu. Ilikuwa miaka ya sabini, nailoni ilipatikana kwa shida, na wavu ndio uliotulisha miaka yote. Nikadhani sasa wazazi wangu wote wawili wamerukwa na akili.

Maana baba, aliyevua samaki Mweru maisha yake yote, alikuwa ameanza kusahau. Alisahau majina yetu, kisha akasahau nyumba. Kila asubuhi alishika njia ya ziwani kutafuta mtumbwi wake tuliokwisha kuuza, na wavuvi walikwisha kumtoa majini, maji yakimfika shingoni. Kaka zangu walianza kusema afungwe kamba, wala si kwa ubaya. Tulikuwa tumechoka.

"Mama, juu ya nini unakata wavu muzuri?"

Mama alikuwa mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, na hakupenda maneno mengi. "Mutoto wangu, mutu akikosa kazi, atatoka kuitafuta. Kazi ya baba yako iko mu mayi, kule mu ziwa. Basi namuletea hapa."

Kesho yake baba aliona matundu, akawatukana mamba, akakaa kuyaziba mpaka jioni. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Usiku mama alikata mengine, ikawa hivyo kila siku, na ziwani hakwenda tena. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nilifikiri tumeshinda.

Jioni moja alifunga fundo la mwisho, akamtazama mama, akasema kwa heshima, "Mama, wavu ya bwana yako imepona. Sasa uniache niende. Bibi yangu ananingojea ku nyumba."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba huyo bibi, mkewe, ndiye aliye mbele yake. Mama akanishika mkono.

"Ngojea kidogo, baba," akamjibu. "Kumebaki tundu moja."

Akageuka, akalikata. Baadaye alilia jikoni, nami nikalia naye.

Mwanangu, mzazi akikusahau, usimpime kwa maswali wala usibishane naye. Ipe mikono yake kazi inayoijua. Itakuuma, na hatakushukuru, kwa kuwa hajui kuwa ni wewe. Mtunze hivyo hivyo. Mungu akupe moyo wa mama yangu, na zamu yako ikifika, akupe mtu atakayekaa nawe hata usipomjua.