Kilo Tatu na Nusu Zilizopotea Sufuriani

Miaka ile ya wakimbizi, kijiji chetu kizima cha Runazi kilikuwa na mtu mmoja tu mwenye diploma ya lishe, na mtu huyo ni mimi. Sikusomeshwa na mjomba wala padri. Nilijisomesha kwa kupasua mbao na kuuza mihogo. Kwa hiyo nilipotoka chuoni nikaajiriwa kambini Lukole, kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, niliona ni haki yangu kutembea polepole, kalamu mbili mfukoni na koti jeupe hata siku ya vumbi.

Jikoni nilimkuta mama mmoja kutoka Burundi, mkimbizi, umri wa mama yangu mzazi. Kila Jumamosi alipokea kilo kumi za nyama kwa wagonjwa arobaini. Aliikata, akafunga vipande vya kila mgonjwa kwa ukambaa wa mgomba, kisha akayatumbukiza mafungu yote arobaini katika sufuria moja. Yakiiva, anaopoa arobaini. Nilipoziona zile kamba nilicheka.

"Mama, hapa ni hospitali, si matangani. Kamba hizi ni uchafu. Kuanzia leo tunapima kwa mizani."

"Sawa, mwanangu. Na mizani itajua nani hajapata?"

Nilimpa kisogo. Mtu wa diploma hajibizani jikoni.

Jumamosi iliyofuata, nyama ilipoiva, niliiopoa mwenyewe nikaiweka kwenye mizani yangu niliyoinunua Mwanza. Kilo sita na nusu! Nikafungua jedwali langu la kalori, nikazidisha, nikagawanya kwa arobaini. Kila mgonjwa alikuwa amepunjwa theluthi nzima ya kalori zake, na zaidi. Juu ya jedwali hilo palikuwa na neno dogo, "mbichi", ambalo nililisoma mara nyingi chuoni na hata kulijibia mtihani nikafaulu. Siku hiyo sikuliona. Nilikuwa nimeshamwona mwizi.

Nikamwandikia msimamizi wa wodi barua ya kurasa mbili, maneno makali nikiyapigia mstari kwa rula. Jumatatu mama akaitwa, akaambiwa akabidhi funguo za stoo Jumamosi, baada ya mgao wa mwisho. Kambini jina la mwizi halifutiki. Nani angempa kazi tena, naye ana wajukuu wawili aliovuka nao mto Ruvubu? Hayo yote niliyajua, na usingizi sikuukosa. Hata shikamoo niliacha kumpa.

Jumamosi hiyo alinisubiri mlangoni.

"Bwana Diploma, kwa kuwa ni siku yangu ya mwisho, leo unapika wewe. Mimi mikono yangu naifunga ndani ya kitenge, uione."

Nikapima nyama: kilo kumi kamili. Nikaikata vibaya, vipande vingine kama ngumi, vingine kama kidole. Akanisukumia ukambaa kwa mguu. "Sasa funga."

Wagonjwa waliokuwa wakiota jua wakasogea kutazama. "Daktari, langu likaze," mmoja alisema, "lisije likatoroka!"

Nilikaa juu ya dumu mbele ya sufuria, koti likigeuka rangi ya masizi, macho yakinitoka machozi. Yeye alikaa upande wa pili, mikono kitengeni. Maji yakachemka, mvuke ukainua kifuniko.

"Mkamate huyo," akasema. "Anaondoka na nyama yako."

Wagonjwa walicheka hadi wakakohoa.

Ilipoiva nilihesabu mafungu: arobaini. Nikapima: kilo sita na nusu. Nikaipuliza mizani vumbi, nikapima tena. Kilo sita na nusu. Ndipo nikafungua jedwali, na neno "mbichi" lilikuwa palepale lilipochapwa.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia ofisini. Nilitembea polepole kama kawaida yangu, nikitafuta maneno ya kitaalamu njia nzima.

"Barua yangu ina kasoro," nilimwambia msimamizi. "Nilipima nyama iliyoiva, nikaihesabia kalori za nyama mbichi."

"Kwani hukujua nyama ikiiva inapungua? Mbona mke wangu anajua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Nikaanza kueleza habari za jedwali. Akanirudishia barua yangu. "Kamwambie mwenyewe," akasema, "na useme kwa sauti, wagonjwa wasikie."

Nilimkuta mama akigawa chakula, akifungua kamba moja moja kwa kucha.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akafungua fungu jingine, akaliweka sahanini, akampa mwenye fungu.

"Hukuiba," nilisema kwa sauti. "Nilikosea mimi. Funguo baki nazo."

Wagonjwa wakageuza shingo kumtazama.

"Na kamba zangu?"

"Funga, mama. Funga tu."

Akafungua fungu la mwisho, akafuta vidole kwenye kitenge.

"Marahaba," akasema.