Ongeza Sauti

Harufu ya kitunguu saumu na mdalasini vikitwangwa pamoja hunirudisha kwenye Idi moja, nyumbani kwetu Temeke, nikiwa bado mtoto.

Nilikuwa nimeazima kanda ya rap, albamu nzima, na tangu asubuhi redio haikupumzika. Mama hakuupenda muziki ule hata kidogo. "Punguza huo uhuni wako," alisema kila alipopita na sinia.

Pilau ilishaiva, majirani wamekaa jamvini, tunamngoja baba. Akaja shangazi, peke yake. Akamvuta mama pembeni, karibu na redio yangu. "Wifi, msimngoje kaka. Kaoa Kunduchi. Sikukuu anakula huko."

Mama aliingia chumbani, akafunga mlango. Punde nikamsikia akiniita kwa ndani: "Mwanangu, hebu ongeza sauti."

Nilivyofurahi mie! Nikajua hatimaye kaupenda. Nikaongeza mpaka spika ikakwaruza, nikachana mistari yote kwa kelele ili asikie kuwa naijua. Upande wa kwanza ulipokwisha, nikageuza kanda mbio mbio. Alipotoka alikuwa amenawa uso, amepaka wanja upya. Akawapakulia wageni.

Wiki nzima nilimwekea kanda ile, na hakunikataza.

Leo ni Idi tena, natwanga viungo peke yangu. Binti yangu, rap ikivuma chumbani kwake, amechungulia jikoni. "Mama, nipunguze?"

"Hapana, mwanangu," nimemjibu bila kugeuka. "Ongeza."