Neema Hakutoa Siri ya Mgonjwa

Neema wangu hafukuzwi chuo! Haya, hamjambo?

Wiki nzima chakula hakipiti. Ugonjwa wa jirani yetu mmoja (jina silitaji, leo nimefundishwa) ulijulikana mtaa mzima, na mwanangu ndiye mwanafunzi wa uuguzi kwenye wodi aliyolazwa. Nani ashukiwe kama si yeye?

Leo tukaitwa chuoni. Nikakaa na Neema mbele ya mwalimu wake, kesi ni kutoa siri ya mgonjwa.

Mara jirani mwenyewe akaingia. "Mwacheni mtoto! Aliyetoa siri ni mume wangu. Alisimama kanisani kuniombea, akautaja na ugonjwa!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi nilijua tu si yeye! Maana hata mimi nilimpikia Neema ugali na mlenda, nikamchokonoa: "Jirani anaumwa nini?"

Akala, akamaliza, akanawa. "Mama, kamuulize mwenyewe."

Nilinuna siku mbili, jamani. Kumbe mdomo ule mgumu ndio uliomwokoa. Kauchukua kwangu? Hapana, mimi mnanijua!

Sasa pongezeni mtoto hapo chini, ila ugonjwa msiniulize. Mlenda utapikwa tena, kwangu Makole, na jirani anakuja. Nawasubiri wote Jumapili baada ya ibada.